Mshelisheli Haumo

Nyumba tunayokaa niliinunua kwa bibi mmoja ambaye hakutaka kabisa kumwona dalali mlangoni pake. Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili Chake Chake, ule ukiwa mwaka wetu wa saba wa kupanga, na tulikuwa tumeshazungushwa na dalali miezi mitatu. Nyumba ya kwanza aliyotupeleka ilikuwa inatoa maji ukutani. Ya pili ilikuwa na ndugu wanne wasiosemezana, kila mmoja akidai ndiye mwenye haki ya kuuza. Ya tatu, tulipofika na kupiga hodi, tulikuta mwenyewe hajui kama nyumba yake inauzwa.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika barua za ofisi na kuhakikisha kila waraka una tarehe, sahihi na mhuri mahali pake. Tabia hiyo nimekuja nayo mpaka nyumbani. Mke wangu husema nikishikwa na homa nitaiandikia barua kwanza ndipo nimeze dawa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kosa nililolifanya baadaye lilitoka wapi.

Habari ya nyumba aliipata mke wangu, kwenye harusi, wanawake wakiwa wanamenya vitunguu. Mama mmoja alisema kuna bibi njia ya kwendea Wesha, mjane, anauza nyumba kwa sababu mwanawe anataka mama yake ahamie kwake huko Wesha bandarini. Alikuja dalali kujitolea kumtafutia mteja, bibi akamtoa na kata ya maji mkononi. "Hujalala humu hata siku moja," alimwambia. "Utawambia nini watu?"

Ijumaa baada ya sala tukaenda. Nilikuwa nimevaa kanzu safi na nimejipanga maneno. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa juu ya mkeka anasuka ukili wa mikeka, na macho yake yalikuwa na ukungu kidogo. Tukamshika miguu, akaitikia marahaba, akatukaribisha. Nikaanza kueleza kwamba tumefika kwa madhumuni ya kuulizia nyumba iliyotajwa, endapo bado ipo sokoni. Akaniacha nimalize. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mumeo huongea hivi siku zote?"

"Siku zote, Bi."

"Kama anasoma barua!" Akacheka, mke wangu naye akacheka, na mimi nikabaki na maneno yangu. Siku hiyo hakutuonyesha hata chumba kimoja. Alitupa chai ya mdalasini, akauliza kwetu wapi na wazee wetu ni akina nani, akasema atakuja yeye kwetu kwanza.

Alikuja Jumanne, bila ya taarifa, nikiwa nimevaa kikoi na fulana yenye tundu. Akaingia moja kwa moja jikoni. Akafunua chungu. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akamwuliza mke wangu maswali ambayo dalali hawezi kuyauliza hata akilipwa mara mbili.

"Nyie mnagombana?"

"Tunagombana, Bi," mke wangu alisema. Hajui kudanganya.

"Mnagombania wapi?"

"Chumbani."

"Vyema. Nyumba yangu ino haijazoea makelele ya barazani."

Halafu akauliza kama tuna mtoto. Mke wangu akasema hatujajaaliwa. Bibi hakusema pole wala hakusema inshallah. Alimshika mkono, kisha akaomba kikombe cha maji. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nikamwona mke wangu anafuta macho kwa ncha ya kanga. Kwa hilo tu nilimpenda yule bibi, ingawa fulana yangu ilikuwa inanifedhehesha.

Alipotuonyesha nyumba alianza na ubovu wake. Hapa panavuja masika. Mlango huu hutuna mvua ikinyesha, usiusukume kwa hasira, uinue kidogo. Dirisha hili lisifungwe alasiri, ndilo linaloleta upepo. Akasimama kwenye chumba cha mwisho akasema, "Chumba kino ndimo alimofia mzee wangu, kitandani, kwa salama. Kama mwaogopa semeni sasa." Tukasema hatuogopi. Majirani wa pande zote mbili alikwisha kuwauliza kama wanaitaka wao kwanza, kama inavyotakiwa, nao wakasema hawaitaki. Bei aliitaja mara moja, tukapunguziana kidogo kwa adabu, yakaisha.

Hati ya mauzo niliiandika mwenyewe. Nakiri niliipenda. Ilikuwa na mipaka ya pande nne, vyumba, choo, banda la kuku, kila kitu. Siku ya kuitia sahihi tulikaa barazani kwake, yeye, mwanawe, sisi wawili, sheha na mashahidi. Nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza khutba. Nilipomaliza, akasema:

"Mshelisheli haumo."

Nikafikiri nimeusahau. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, Bi, nitauongeza, nyumba pamoja na mshelisheli ulioko uani.

"La. Haumo na usiwemo. Nyumba nakuuzia. Mti siuzi."

Kwetu Pemba jambo hili si geni. Ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe; mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake mitano kwenye kiwanja cha mwenzake na hakuna anayeshangaa. Sheha alitikisa kichwa kukubali kabla sijafungua mdomo. Lakini mti ule ulikuwa hatua kumi tu kutoka mlango wa jikoni, matawi yake yamelala juu ya bati letu. Nilitaka nyumba nzima. Mke wangu akanikanyaga mguu, nikachukua kalamu na kuandika pembeni, kwa herufi ndogo: isipokuwa mti mmoja wa mshelisheli ulioko uani, ambao utabaki kuwa mali ya muuzaji. Sentensi hiyo iliniharibia ukurasa. Kila nilipoitoa ile hati kuitazama, na niliitoa mara nyingi, macho yalikwenda pale pembeni kwanza.

Tulihamia, na siku ya tatu bibi akaja kuangalia mti wake.

Alikuwa anatembea kutoka Wesha kwa mwanawe, nusu saa na zaidi kwa miguu yake, pakacha mkononi na ukili kwapani. Anapita mlango wa uani, anafika mpaka chini ya mti, anaweka vitu vyake, ndipo anapiga hodi. Akiwa kashaingia! Nilimwuliza mke wangu hodi ya namna hiyo maana yake nini. Akasema labda ni hodi ya mti, si yetu. Alikuja siku ya tano, siku ya saba, kisha karibu kila siku. Alituambia rangi tuliyopaka mlango ni ya zahanati. Alisema kuku wetu wamekonda. Mimi nikirudi kazini nataka kuvua shati nikae uani kwangu, nakuta kuna mtu anasuka ukili na ananiuliza mbona leo nimechelewa.

"Mti hauhitaji kuangaliwa kila siku," nilinung'unika.

"Mwambie mwenyewe," mke wangu alisema. Sikumwambia.

Mwaka wa pili mke wangu akabeba mimba. Baada ya miaka yote ile tulikuwa tunaogopa hata kulitaja jambo lenyewe. Miezi ya mwanzo hakuweza kuweka kitu tumboni. Wali aliutapika, harufu ya samaki aliikimbia, mkate ulikuwa adui. Bibi aliangua shelisheli moja changa, akawasha makaa pale uani, akalichoma taratibu mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya, akampa kipande kidogo kisicho na chumvi. Mke wangu akala. Akaomba tena. Kwa wiki sita alikula shelisheli la kuchoma na karibu si kitu kingine, na bibi alikuwa akifika mapema ili makaa yawe tayari mimi ninapotoka kwenda kazini. Hapo niliacha kuuliza habari ya hodi.

Tulipata binti. Bibi alikaa nasi arubaini nzima. Alimkanda mama, akamwogesha mtoto, akanifukuza mimi kutoka chumba hadi chumba kama kuku. Mtoto alipoanza kukaa kitako, alikaa chini ya mshelisheli, juu ya mkeka wa bibi, akitafuna ncha ya ukili. Mara nyingine nilirudi nikawakuta wote watatu wamelala pale, nikavua viatu nisiwaamshe.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Macho ya bibi yalizidi kufunga ukungu. Akawa anapapasa ukuta, akamimina chai nje ya kikombe. Mwanawe alikuja kwetu siku moja akasema daktari anataka mama yake aende Unguja akatolewe mtoto wa jicho, lakini yeye mwenyewe hali yake ya fedha si nzuri msimu huu. Hakuomba kitu. Alikuwa anaeleza tu, kama watu wanavyoeleza. Mimi nilikuwa na akiba kidogo, na papo hapo nikapata wazo lililonifurahisha kuliko mawazo yote niliyowahi kuyapata. Nikimpa pesa za bure hatazipokea, namjua. Lakini nikiununua mti, tena kwa bei nzuri kuliko bei ya mti wowote, atakuwa ameuza mali yake kwa heshima, atakwenda Unguja, na hati yangu nayo itakuwa imekamilika. Mke wangu alikuwa kwao Msuka kwa siku chache na mtoto, na mimi sikungoja arudi.

Nilimwambia bibi pale pale chini ya mti. Vidole vyake viliendelea kusuka vyenyewe.

"Wautaka, mwanangu?"

"Naam, Bi."

"Uno mti wakuudhi?"

"La hasha, Bi! Nataka nao uwe wetu, mambo yakamilike."

"Haya," alisema. "Kama mwautaka, haya."

Niliandika hati nyingine, fupi na safi: mti mmoja wa mshelisheli. Alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, uso umeinamia karatasi mpaka karibu pua iguse wino. Akakunja mkeka wake. Kwa kawaida aliuacha, umeegemezwa kwenye shina. Siku hiyo alikwenda nao, na mimi, karani ninayeona nukta iliyokosekana kwenye ukurasa wa tatu, sikuliona hilo.

Alikwenda Unguja, akatibiwa, akarudi, tukasikia anaona vizuri. Tulikwenda kumpa pole na hongera, akatupokea kwa furaha, akamtazama binti yetu sana na kusema kumbe ana kidoti kidevuni. Tukamwambia karibu nyumbani, akasema haya. Hakuja wiki ile. Hakuja mwezi ule. Mashelisheli yalikomaa, hatukujua lini yaanguliwe, yakaanguka yenyewe na kupasuka chini, nzi wakajaa. Binti yetu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea, alikuwa akiamka anakwenda moja kwa moja mlango wa uani na kusimama pale.

Mke wangu alinivumilia kwa muda. Kisha siku moja, chumbani, akaniuliza nilimwambia nini hasa yule bibi. Nikamweleza neno kwa neno, na nikaongeza kwamba nilimsaidia.

"Umemfukuza," alisema.

"Nimempa pesa za macho!"

"Umemfukuza kwa karatasi. Alikuwa anakuja kwake. Sasa aje kwa nani?"

Nilikasirika, nikatoka, nikaenda kukaa uani. Nikautazama ule mti mzima mzima, wangu kuanzia mzizi mpaka jani la juu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Bibi aliuza kuta na bati na chumba alimofia mumewe, akabakisha kitu kimoja tu cha kumrudisha mlangoni kwake bila ya kuomba, na mimi nimekinunua kwa bei nzuri.

Siku ya pili tulikwenda Wesha sote watatu. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya mwanawe, anasuka, ukuta mbele yake. Nilikuwa na ile hati mfukoni. Nikamwambia Bi, mti naurudisha, ni zawadi, pesa usizitaje.

"Pesa yako imo machoni mwangu," alisema. "Ndiyo nnayokuonea hapo ulipo. Nitachukuaje na mti?"

"Basi njoo tu, Bi. Njoo ututembelee."

"Nije kutembea?" Alinitazama kwa macho yake mapya, na yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia. "Nije nikaribishwe, nitandikiwe, nipikiwe, kisha niage nende zangu? Mie pale nipikiwe?"

Mke wangu alimweka mtoto mapajani kwa bibi na kuanza kuzungumza mambo mengine, ya Msuka, ya bei ya samaki, na mimi nikaona kwamba tumeshindwa na sasa tunaaga kwa adabu. Ndipo mke wangu, akiwa anavaa viatu, akasema, kama jambo dogo tu:

"Bi, kuna kimche kimetoka nyuma ya banda la kuku. Mume wangu ataka kukifyeka, asema kinaziba njia."

Ni kweli nilitaka kukifyeka. Nilikuwa nimekiona wiki kadhaa, chipukizi lililotokea kwenye mzizi wa mshelisheli, majani yake matano yenye vidole. Bibi aliacha kusuka.

"Kimetoka lini?"

"Baada ya masika."

"Kimefika wapi?"

Mke wangu akaonyesha chini ya goti. Bibi akanigeukia mimi.

"Ile karatasi yako umeandika miti mingapi?"

"Mmoja, Bi."

"Itoe uisome."

Nikaitoa, nikaisoma. Mti mmoja wa mshelisheli.

"Mmoja ni ule mkubwa."

"Ndiyo, Bi, ule mkubwa."

"Basi hicho kichanga sikukuuzia."

Kama karani ningeweza kumwandikia kurasa tatu. Chipukizi limetoka kwenye mzizi wa mti wangu, ndani ya mipaka yangu, baada ya tarehe ya mauzo. Mke wangu alikuwa ananitazama na kiatu kimoja mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilifurahi kuona waraka wangu una upungufu.

"Kweli, Bi," nilisema. "Hukuniuzia."

"Na weye wataka kukifyeka. Mali ya mtu!"

"Nisamehe, Bi. Sikujua."

"Kuku watakila kile," alisema, na alikuwa ameshaanza kukunja ukili. "Kinataka kuzungushiwa. Kinataka maji. Nyie hamjui kitu."

Aliniamuru niandike. Mwanawe akaleta daftari na kalamu, nikaandika magotini. Niliandika kwamba mche mmoja wa mshelisheli ulio nyuma ya banda la kuku ni mali yake. Mke wangu akasema andika pamoja na njia ya kuufikia. Nikaandika. Bibi akasema, "Na kukaa." Nikaandika, na mahali pa kukaa. Nikauliza niandike mpaka lini, maana hati ya namna hiyo lazima iwe na muda, labda mpaka mche utakapozaa, ambayo ni miaka kadhaa.

"Usiandike mpaka lini," alisema.

Sikuandika. Nikamsomea mara mbili, kwa kuwa alitaka mara mbili, akatia sahihi huku ameketi wima, karatasi ameishika mbali na uso wake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni, kikoi kiunoni, nasubiri chai ichemke. Nikasikia vijiti vinachomekwa ardhini nyuma ya banda la kuku, na maji yanamiminwa kwa kopo, na binti yetu anacheka. Mke wangu alikuwa tayari mlangoni. Nilitaka kutoka, lakini nikajizuia, nikasubiri nisikie. Vijiti vikamalizika. Mkeka ukatandikwa. Halafu, kutoka ndani kabisa ya ua wetu, akapiga hodi.